Mali Katika Stoo ya Kukodi: Nani Hulipa Ikiharibika?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye hata kabla ya kupewa utume watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, wakamwekea mali zao. Ama baada ya hayo, ndugu zetu, twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri mpaka limekwisha kutufika: mali tuiwekayo katika stoo ya kukodi, na bima yake.

Hapa kwetu Usa River, chini ya Mlima Meru, watu wengi hawakai mahali pamoja. Huyu ni mtumishi wa Halmashauri aliyepewa uhamisho, yule kazi yake katika shamba la maua imekwisha naye arudi kwao kwa muda. Mwingine abomoa nyumba ya zamani ajenge mpya, na mwingine ana mahindi ya mavuno ambayo hataki kuyauza wakati bei iko chini. Wote hao hukodi chumba, wakaingiza kitanda, kabati, cherehani, magunia na masanduku, wakafunga kufuli, na ufunguo wakatia mfukoni. Kisha hulala usingizi wa raha, wakidhani kwamba yeyote apokeaye kodi ndiye aliyebeba dhamana. Hilo ndilo kosa tutakalo kulieleza, nasi twaanza na kosa letu wenyewe.

YALIYOTUPATA SISI

Miaka michache iliyopita chumba cha madrasa yetu kilichakaa, tukakubaliana na wazazi kukibomoa na kujenga kingine. Ikabidi vyombo vya madrasa vitafutiwe mahali: misahafu, majuzuu, mikeka, mbao za kuandikia, kabati mbili na kipaza sauti. Tukakodi stoo kwa mzee mmoja muungwana wa mtaani, tukawa twalipa kodi kila mwezi bila kuchelewa. Mlangoni palibandikwa karatasi iliyosema kwamba jengo lile limekatiwa bima. Tulipoisoma tulimshukuru Mungu, tukaona tumepata mahali pa salama.

Ikaja masika. Mfereji wa nyuma ya stoo ukajaa takataka, na usiku mmoja maji yakapita chini ya mlango. Sisi hatukujua, kwa kuwa hatukuwa na desturi ya kwenda kutazama. Siku ya tatu ndipo tulipofungua. Mikeka ilikuwa imeoza, misahafu iliyokuwa katika masanduku sakafuni imevimba na kurasa zimegandana, na kipaza sauti hakikusema tena.

Tukamwendea mwenye stoo tukamwambia, "Mzee wetu, bima yako na itulipe." Akatukaribisha, akatoa hati yake, akatusomea. Hati ilitaja kuta, paa, milango na madirisha. Vitu vilivyomo ndani havikutajwa hata kimoja. Kisha akasema kwa upole, "Maalim, mimi nimekukodisha chumba. Hukunikabidhi vitu vyako, wala sijui ndani mliweka nini." Tulitafuta neno la kumjibu tusilipate, kwa sababu alisema kweli.

Lakini lililotuuma zaidi lilikuja Ijumaa iliyofuata, tulipokaa na wazazi. Mzazi mmoja akauliza, "Maalim, misahafu ilikuwa mingapi?" Sisi tukasema kama sitini. Mwenzetu akasema haikupungua themanini. Hapakuwa na daftari. Na misahafu ile haikuwa mali yetu; ilikuwa waqfu, wengine waliitoa kwa niaba ya wazazi wao waliokufa. Tukatambua kwamba mwenye stoo hakuwa ameweka amana yetu, bali sisi ndio tuliokuwa tumewekewa amana na watu, nasi hatukujua hata hesabu yake.

KUKODI CHUMBA NA KUWEKA AMANA NI MAMBO MAWILI

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Naye Mtume (S.A.W.) alipohama kwenda Madina, hali watu wa Makka wanataka kumuua, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe amana za hao hao waliokuwa wakimfanyia uadui. Jambo la amana basi si dogo katika dini yetu.

Lakini wanavyuoni wametufafanulia mipaka yake. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, mtu aliyewekewa mali kwa kuhifadhi, mkono wake ni mkono wa amana. Mali ikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, halipi. Akiitumia bila ruhusa, au akaiacha mahali wasipoachwa vitu kama hivyo, au akaacha mlango wazi, hapo hulipa. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, nayo haiko mbali na hayo, kwani humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara atunzavyo mali yake mwenyewe. Na akiisha kufanya hivyo, hasara si juu yake.

Hiyo ndiyo hukumu ya aliyekabidhiwa mali. Sasa tazameni yule aliyekodisha chumba tu. Yeye hakukabidhiwa kitu. Ameuza manufaa ya chumba kwa mwezi au kwa mwaka, na ufunguo uko kwako. Huo ni mkataba wa ijara. Ikiwa mwenye amana kamili halipi ila kwa uzembe, vipi tutamdai asiyekabidhiwa hata kijiko? Illa ikiwa alijua paa lavuja au mfereji umeziba, akakuficha ili apate kodi, hapo ana dhambi ya hadaa, nawe una haki ya kumdai kwa kosa lake. Nasi tulipochunguza, mfereji ule ulizibwa na takataka za mtaa mzima, zetu zikiwamo.

Yako maghala ya namna nyingine, nayo yafaa wakulima wayajue. Kwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, mwenye ghala aliyepewa leseni hupokea mazao kwa kuyapima uzito na kuyakagua ubora, akatoa stakabadhi, na yampasa awe na bima ya mazao hayo. Huko mali imekabidhiwa kweli kweli. Lakini stoo ya uani kwa jirani haimo katika sheria hiyo, hata ikijaa mahindi mpaka darini. Basi kabla ya kulipa kodi ya kwanza, muulize mwenye stoo swali moja: "Wanikodisha chumba, au wapokea mali yangu?" Jibu la swali hilo litakujulisha hasara itakuwa ya nani.

HATI YA BIMA YASEMA NINI

Katika nchi yetu kazi ya bima inaongozwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, iitwayo TIRA. Kampuni isiyo na leseni ya Mamlaka hiyo haina ruhusa ya kuuza bima.

Tarehe 10 Julai 2021 usiku moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, na Januari 2022 Soko la Karume nalo likateketea. Wafanyabiashara wadogo waliofunga vibanda vyao jioni walirudi asubuhi wakakuta majivu. Katika mwaka huo wa 2022, Sheria ya Fedha iliingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika orodha ya vitu ambavyo ni lazima vikatiwe bima. Hilo ni jambo jema. Lakini msikilizaji asidanganyike: bima ya jengo humrudishia mwenye jengo jengo lake. Gunia la mahindi lililomo ndani, na cherehani, na sanduku la nguo za harusi, hivyo havimo mpaka mwenyewe avikatie.

Atakaye kukata bima ya vitu vyake, na aitazame hati katika mambo haya:

(1) Mahali. Hati ya vyombo vya nyumbani hutaja nyumba uliyomo. Ukivihamishia stoo bila kuwaarifu wenye bima, yawezekana umeiacha bima nyumbani na vitu vimekwenda peke yao. Yapasa stoo itajwe kwa anwani yake.

(2) Ajali. Hati nyingi huanza na moto na radi. Mafuriko na wizi mara nyingi huongezwa kwa kutajwa na kwa ada yake. Katika wizi, kwa kawaida wataka ionekane alama ya kuvunjwa mlango au dirisha. Na uharibifu wa polepole, kama panya, mchwa, kuvu, unyevu na kutu, kwa kawaida haumo, kwa kuwa huo huhesabiwa ni wa kuzuiliwa na mwenye mali mwenyewe.

(3) Vitu visivyopokewa. Fedha taslimu, dhahabu na hati za viwanja kwa kawaida hazimo katika bima ya stoo. Wala si busara kuviweka huko.

(4) Thamani. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mtu ana vitu vya shilingi 4,000,000, lakini ili ada iwe ndogo akasema ni vya shilingi 2,000,000. Vikaharibika vya shilingi 1,000,000. Yeye hudhani atalipwa 1,000,000 yote, maana haijapita ile 2,000,000. Sivyo. Hati nyingi husema kwamba aliyekatia nusu ya mali hulipwa nusu ya hasara; basi atapata shilingi 500,000. Kadhalika, hati nyingine hulipa bei ya kitu kilivyochakaa, si bei ya kipya. Kabati la miaka kumi halilipwi kama lililotoka kwa seremala jana.

(5) Sehemu ya hasara ibebwayo na mwenye mali. Katika kila hasara kuna kiasi cha mwanzo ambacho hutalipwa. Uliza ni kiasi gani, kwani hasara ndogo huweza kumezwa yote na kiasi hicho.

(6) Ukweli. Ukiulizwa kuna nini ndani, sema yote. Aliyeficha madebe ya petroli nyuma ya magunia, na moto ukatokea, huweza kunyimwa haki yake yote. Na kwa Mwislamu hilo ni neno la dini kabla halijawa neno la hati.

Na ikiwa umelipa ada, umepata hasara iliyomo katika hati, na kampuni ikakataa kukulipa, usinyamaze. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni yenyewe kwanza, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa sheria ili kuwasikiliza watu kama wewe.

JE, BIMA YAJUZU?

Hapana shaka wako wasomaji ambao tangu mwanzo wa makala haya wanauliza swali hili, nao wana haki. Swali lenyewe si jipya. Ibn Abidin, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi wa Damascus aliyefariki mwaka 1836, aliulizwa juu ya wafanyabiashara waliokuwa wakimlipa mtu fedha ili bidhaa zao zikizama au kuungua safarini awape badala yake. Akaona haijuzu kwa mfanyabiashara kuichukua badala hiyo. Na katika kueleza kwake alilitazama hilo hilo tulilolisema hapo juu: je, mtu huyo si kama mwenye kuwekewa amana kwa ujira? Akajibu la, kwani mali haikuwa mikononi mwake, bali mikononi mwa mwenye chombo.

Katika zama zetu, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Jidda mwezi wa Desemba 1985, likaamua kwamba bima ya biashara, yenye ada maalumu kwa kampuni itafutayo faida, ina gharari kubwa yenye kuharibu mkataba, kwa hivyo ni haramu. Na kwamba badala yake iliyo halali ni bima ya ushirika iliyojengwa juu ya kutoa kwa hisani na kusaidiana. Wako wanavyuoni waliokuwa na rai nyingine, na miongoni mwao Sheikh Mustafa az-Zarqa wa Syria aliihalalisha bima kwa hoja zake. Sisi si watu wa kuhukumu baina ya bahari hizo. Twasema tu kwamba ikiwa njia iliyokubaliwa na wengi ipo, Mwislamu ana nini hata aiache?

Na njia hiyo ipo, jina lake takaful. Watu huchanga katika mfuko mmoja kwa nia ya kutoa, mwenye kupatwa husaidiwa kutoka humo, na msimamizi hupata ujira wake uliojulikana. Mfuko ni wa wachangiaji, wala hauwekwi penye riba. Sudan ilianzisha kampuni ya namna hii mwaka 1979. Malaysia ikaitungia sheria mwaka 1984. Kwa jirani zetu wa Kenya kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011, na mwaka 2014 wafugaji wa Wajir waliopatwa na ukame walilipwa kwa njia hiyo. Hapa Tanzania, TIRA imekwisha kutoa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1969, limefungua huduma hiyo. Atakaye na aende akaulize, naye aulize yale yale sita tuliyoyataja. Kwani jina jema haliondoi wajibu wa kusoma hati.

NGUO MOJA YA ASHAARI

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwasifu Ashaari, watu wa kabila la Abu Musa (R.A.), kwa sababu chakula chao kikipungua vitani au mjini walikuwa wakikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Wanavyuoni wengi huitaja habari hii wanapozungumza juu ya takaful.

Nasi tuliiona nguo hiyo kwa macho yetu. Katika chumba kilichopakana na chetu, mama mmoja mshonaji alikuwa ameweka cherehani mbili na magunia kumi na mawili ya mahindi. Maji yale yale yalimwingilia. Lakini yeye aliyapanga magunia juu ya mbao, kwa hiyo yaliyoharibika yalikuwa matatu tu, pamoja na mota ya cherehani moja. Alikuwa na daftari lenye orodha ya vitu vyote na bei zake, na shoga yake alitia sahihi siku ya kuviingiza. Alikuwa pia katika chama cha kina mama wachangao kila wiki, bila riba, kwa ajili ya maradhi, misiba na ajali. Alipopeleka daftari lake, wenzake walikuja wakahesabu, wakaona ni sawa, wakamnunulia mota na magunia mawili kabla mwezi haujaandama.

Mama huyu si mwanachuoni wala hakuwa na hati ya kampuni yoyote. Sisi tusomeshao watoto wake ndio tulioketi na misahafu iliyooza, hatuna hata hesabu. Tulijifunza kwake.

LA KUFANYA KABLA YA KUFUNGA KUFULI

Kwanza, andika. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametufunza kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi adabu hiyo na iende na vitu vyako. Taja kila kitu, idadi yake, mwaka uliokinunua na bei, nawe upate shahidi. Kwa simu iliyo mkononi mwa mtoto wako piga picha ya kila kitu, na nakala ya orodha usiiache ndani ya stoo ile ile.

Pili, andikianeni na mwenye stoo: kodi, muda, nani ashika ufunguo, nani asafisha mfereji, nani atengeneza paa.

Tatu, inua vitu kutoka sakafuni, viache mbali na ukuta kidogo, na mahindi yawe makavu kabla ya kuingia. Nabii Yusuf (A.S.) alipoyatayarishia miaka saba ya njaa, aliagiza nafaka iachwe katika mashuke yake. Kuweka akiba kuna elimu yake.

Nne, nenda ukatazame kila wiki, na wakati wa masika kila mvua kubwa inyeshapo.

Tano, ingia katika takaful au anzisheni mfuko wa mtaa, msikiti au madrasa. Na ikiwa mali si yako, bali ya waqfu, ya yatima au ya marehemu ambayo haijarithiwa, basi mambo haya ni wajibu juu yako zaidi, kwani utaulizwa na watu hapa na utaulizwa na Mola wako kesho.

Pengine atatokea mtu aseme, "Hayo yote ni kupungukiwa na tawakali." Tumkumbushe yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, naye akaamrishwa amfunge kwanza kisha ategemee. Kufuli ni kamba moja. Daftari ni kamba ya pili, na kusaidiana ni ya tatu.

Ama misahafu yetu, ile isiyosomeka tena tuliizika mahali safi kwa heshima yake, wanafunzi wakiwapo. Wazazi walitusamehe, wakachanga tena, nasi tukaomba radhi mbele yao, maana kosa lilikuwa letu. Leo madrasa ina daftari lenye jalada jekundu. Kila msahafu una namba, na jina la aliyeutoa waqfu, na kila mwezi wanafunzi wawili wakubwa huuhesabu pamoja nasi. Upo pia mfuko mdogo wa wazazi, ambao bado hauna fedha nyingi, lakini hesabu yake husomwa hadharani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ahifadhi mali zetu na watoto wetu, atujaalie kuwa watu wa kutimiza amana, na asitujaalie kuulizwa swali la hesabu tukakosa jibu. Naye ndiye Ajuaye zaidi. Wabillahit-tawfiq.